Shangazi Alipotaka Kuuza Biro Yake



Wiki nyingi katika karatasi yetu hii tunasoma juu ya afya ya watoto, likelemba na amani ya nyumba. Leo naomba ruhusa niwaeleze habari ya biro moja ndogo hapa Bunia, si mbali na soko kuu. Wengine kati yenu mmeketi kwenye benchi lake mkingoja karatasi zenu za kodi. Ni biro ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Mwaka uliopita alitaka kuiuza, akaniomba shauri, nami nilimshauri vibaya. Ndiyo maana naandika.

Shangazi hakusoma chuo cha hesabu. Alianza zamani za Zaire na mashini ya kuandikia, chini ya kivuli cha nyumba ya mtu, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi na karatasi za kuuza kiwanja. Siku moja mama mmoja muuza samaki wa Kasenyi alimletea karatasi ya kodi ya Kifaransa. Alikuwa ameikunja ndani ya kikwembe mpaka imeanza kupasuka. Alisema: "Nisomee tu, nijue kama nimekosa." Shangazi akamsomea, akamjazia, akaenda naye mpaka mlangoni pa biro ya Leta. Mwaka uliofuata mama yule akarudi na wenzake watatu. Biro ilianza hivyo.

Leo ina meza moja, kompyuta moja ya zamani, mashini ya fotokopi, benchi, na kabati la chuma lenye faili 86. Kila faili ni ya mama mmoja. Kuna wauza vikwembe, wauza mchele na sukari, wenye butiki, wenye malewa, wenye depo ya vinywaji, na mama mmoja mwenye mashini mbili za kusaga. Wote humwita shangazi Mama Biro. Hata watoto wangu humwita hivyo.

Ninyi mnajua namna malipo yetu yalivyo mengi. Kuna kodi za Leta zinazopitia DGI, kuna malipo ya DGRAD, kuna ya provensi, kuna patanti kwa wasio na RCCM, kuna na tikiti ya soko ya kila siku. Mama anayetoka nyumbani alfajiri na mzigo kichwani, saa ngapi atajifunza tofauti ya karatasi hizi zote? Na zote ni za Kifaransa.

Nitatoa mfano mmoja mnione ninataka kusema nini. Sheria ya mwezi wa pili 2013 iliweka ngazi za biashara ndogo kwa kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya mwaka yasiyopita franka milioni 10 alipangiwa kulipa franka 50,000 kwa mwaka mzima. Anayepita hapo bila kufika franka milioni 80 alipangiwa 1 kwa mia ya mauzo yake kama anauza vitu, na 2 kwa mia kama kazi yake ni ya huduma, kama vile kushona au kusuka. Sheria za kodi hubadilishwa, kwa hiyo kila mwaka uliza kiwango cha mwaka ule kabla ya kutoa makuta. Lakini tazameni hesabu yenyewe. Kwa ngazi hizo, mama aliyeuza kwa milioni 9 na nusu alipaswa kulipa 50,000. Jirani yake aliyeuza vitu kwa milioni 10 na nusu alipaswa kulipa 105,000. Ukiwatazama mezani pao, huwezi kuwatofautisha. Daftari peke yake ndilo linaloweza kusema nani ni nani. Asiye na daftari huhesabiwa na mtu mwingine.

Kazi ya shangazi ilikuwa hiyo hasa. Kujaza fomu kulichukua nusu saa. Kukaa na mama, kumwuliza polepole ameuza nini, amenunua wapi, nani ana deni lake, kulichukua siku nzima. Na yote aliyoambiwa aliyaandika na kuyafungia kabatini.

Faili za zamani zina karatasi ambayo wasichana wa leo hawaifahamu: ruhusa ya mume. Kabla ya sheria ya mwezi wa 7 2016 iliyorekebisha Kodi ya Familia, yaani kitabu chetu cha sheria za ndoa na nyumba, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume wake kwa mambo mengi ya sheria. Sasa ruhusa hiyo imeondolewa. Shangazi hakuzitupa karatasi zile. Alisema: "Acha zikae. Wajukuu watataka kujua."

Nakumbuka pia mwezi wa tano 2003. Nilikuwa na miaka 12. Vita vilipoingia ndani ya mji, watu kwa maelfu tulikimbilia upande wa uwanja wa ndege na kambi ya MONUC. Mimi nilibeba sufuria. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni na godoro kichwani. Shangazi alibeba bunda kubwa lililofungwa na vikwembe viwili, na mama akamgombeza: "Umeacha unga, umebeba nini?" Lilikuwa bunda la madaftari ya watu. Tulilala juu yake kama mto wiki nyingi chini ya sheeting. Tuliporudi, biro haikuwa na mlango wala meza. Lakini wamama waliokuwa na madeni sokoni waliweza kuonyesha nani alikopa nini na siku gani, kwa sababu imeandikwa. Wengine walianza tena biashara na makuta hayo.

Na biro hiyo ndiyo iliyonisomesha. Baba alikufa nikiwa kidato cha nne cha sekondari. Shangazi alinilipia mpaka nikapata diplome, kisha akanilipia miaka yangu ISP ya Bunia. Kila nilipoenda kuchukua makuta ya masomo, alifungua droo, akahesabu noti ndogondogo zinazonuka samaki na mawese. Nafundisha leo kilasi ya tano ya msingi kwa makuta ya wamama wale.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Shangazi amefika miaka 64. Macho yameingia ukungu, ule ugonjwa tunaouita mtoto wa jicho. Mwanzo wa mwaka uliopita aliandika 8 mahali pa 3. Ilikuwa faili ya mama wa mchele, na kosa lile lingemwongezea franka milioni tano za mauzo ambazo hakuuza. Shangazi mwenyewe aliligundua usiku, akiwa kitandani, akirudia hesabu kichwani. Alfajiri alipiga motari mpaka kwa mama yule kurudisha karatasi kabla haijapelekwa. Jioni alikuja kwangu, akaketi, hakutaka hata chai.

"Mwanangu," akasema, "mkono bado una nguvu, lakini jicho linanidanganya. Chukua wewe biro."

Nilikataa. Sikukataa kwa maneno makali. Nilisema nina watoto 58 darasani, nina wangu wanne nyumbani, nilisomea kufundisha na ndiyo kazi ninayoipenda. Yote ni kweli. Kuna na jambo lingine la kweli ambalo sikulisema: niliogopa. Mwalimu akikosea ubaoni, anafuta. Shangazi akikosea, mama wa mtu analipa. Hakunisukuma. Alisema tu, "Nimesikia," akafunga kitambaa chake, akaenda.

Baada ya mwezi mmoja alikuja kijana. Amesoma hesabu chuoni, ana kompyuta yake mpya, ana kibiro upande mwingine wa mji na wateja wachache. Ana adabu, anasalimu kwa mikono miwili. Alimwambia shangazi: "Mama, nataka kununua biro yako, pamoja na wateja wako 86. Nitakupa dola 2,500. Nakulipa 1,500 siku ya kutia sahihi, na 1,000 baada ya mwaka."

Shangazi aliniita. "Wewe ni mwalimu wa hesabu. Hesabu."

Nilichukua karatasi, nikahesabu. Faili 52 za biashara ndogo kabisa, dola 10 kila moja kwa mwaka: dola 520. Faili 34 za biashara iliyokua kidogo, zenye kazi nyingi, dola 40 kila moja: dola 1,360. Barua na fotokopi, kama dola 60 kwa mwezi: 720 kwa mwaka. Jumla, dola 2,600. Toa nyumba ya kupanga, dola 40 kwa mwezi. Toa karatasi, wino na umeme, kama 30 kwa mwezi. Zinabaki dola 1,760 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya 150 kwa mwezi. Na hiyo ni kama jicho linaona.

Kijana alitueleza kwamba hata Marekani, ambako watu wengi wanaishi kwa kazi ya kuwajazia wengine karatasi za kodi, bei ya biro kama hii mara nyingi huanza na mapato ya mwaka mmoja, kisha watu wanapatana juu au chini. Kwa hiyo 2,500 haikuwa bei ya wizi. Nilimwambia shangazi: "Uza. Tena uza upesi, kabla hajabadilisha mawazo."

Hapa nawaungamia jambo. Shangazi alikuwa ameniahidi dola 500 ndani ya makuta yale, nimalize paa la nyumba yangu. Upande mmoja una mabati, upande mwingine una sheeting, na ninyi mnajua mvua ya hapa. Niliposema "uza", nilikuwa ninasikia mvua juu ya mabati mapya. Sidhani shangazi hakujua. Lakini aliniuliza kama mwalimu, nami nilimjibu kama mwenye nyumba inayovuja.

Siku zile nilikuwa nafundisha kugawanya. Usiku, nikitayarisha somo, nilitafuta mfano, nikaandika bila kufikiri sana: mashini, meza, kabati na benchi, bei yake haipiti dola 400. Toa 400 katika 2,500, zinabaki 2,100. Gawanya kwa 86. Jibu ni 24 na kitu kidogo.

Nilitazama namba ile. Kijana hakuwa ananunua meza. Alikuwa ananunua wamama 86, dola 24 kila mmoja, na hata mmoja hakuwa ameulizwa.

Kesho yake, jioni, mgeni akabisha. Alikuwa mmoja wa wale wamama wa kwanza kabisa wa samaki, mjane, ambaye namwita mama mkubwa. Habari za soko hazihitaji redio. Alikaa, akasema: "Mwalimu, nimesikia nimeuzwa."

Nikaanza kumweleza kwamba si hivyo, ni biro tu inayobadilisha mkono. Akaniinulia kiganja.

"Sikiliza. Ndani ya faili yangu kuna karatasi ya kiwanja nilichonunua kwa samaki zangu, kwa jina la binti yangu. Shemeji zangu hawajui. Siku mume wangu alipozikwa walichukua mpaka viti. Niliiweka kwa Mama Biro kwa sababu nyumbani mwangu haikai kitu. Huyu kijana ni mtoto mzuri, sina neno naye. Lakini unajua amepanga wapi? Amepanga kwa shemeji yangu. Siku moja atasema kitu wakinywa chai, bila ubaya wowote, na mimi nitakuwa nimekwisha."

Sikuwa na jibu. Nilimpa maji, akanywa, akaenda. Niliwaza faili zile nyingine 85. Mama aliyekopesha kaka yake na hataki mke wa kaka ajue. Mama anayemsomesha mtoto aliyezaa kabla ya ndoa. Mama ambaye mume wake anafikiri anauza kwa hasara. Yote yameandikwa kwa mkono wa shangazi, kwa sababu bila kuyaandika hesabu haitoki sawa.

Nilikwenda kwa shangazi nikamwambia. Nilifikiri atanishukuru. Alikasirika.

"Kwanza ulisema uza. Sasa unasema nini? Nisiuze? Jicho langu atalilipia nani, wewe? Nilikupa biro ukaikataa. Sasa unakataa na anayeitaka!"

Alisema kweli yote. Nililia njiani nikirudi. Siku tatu hatukusemeshana, na katika familia yetu siku tatu ni nyingi.

Siku ya nne alituma mtoto aniite. Nilimkuta ametoa faili zote kabatini, zimejaa mkekani. Hakuweza kuzisoma vizuri, alikuwa anazipapasa. Akasema: "Nimewaza. Meza ni yangu, naweza kuiuza. Jina la biro ni langu, naweza kuliuza. Lakini haya si yangu. Niliwekewa tu. Mtu haweki akiba yake kwako ili uiuze ukizeeka."

Tukakubaliana kuwaita wenyewe. Jumapili moja mchana, uani nyuma ya biro, walikuja wamama 41. Wengine walituma mabinti. Kijana tulimwita pia, akae asikie, na nilimhurumia kwa sababu alikuwa mwanamume peke yake kati ya vikwembe vile vyote.

Shangazi aliwaambia wazi: macho, bei, kila kitu. Aliwaambia hata juu ya ile 8 mahali pa 3, na mama wa mchele aliyekuwa pale akashika mdomo. Niliposoma hesabu ya dola 24, mama mmoja wa malewa akapiga makofi: "Ee! Hata bei ya mbuzi sijafika?" Tukacheka, kijana naye akacheka, na baada ya hapo watu wakaweza kusema.

Hawakusema neno moja. Wengine walisema auze tu, wao wanamtaka kijana mwenye kompyuta, kwa sababu biashara imekua na wanahitaji mtu anayefuata sheria mpya. Mama mwenye mashini za kusaga alisema: "Mama Biro, tunakupenda, lakini mapenzi hayaoni namba." Ilimchoma shangazi, na ilikuwa haki. Wengine walitaka faili zao siku ileile. Mama mmoja kijana aliuliza swali ambalo sikulitazamia: "Kwa nini hatukufundishwa kuandika wenyewe?" Shangazi hakujibu. Alinitazama mimi.

Kisha kijana alipewa neno. Akasema, bila hasira: "Kama kila mama anaweza kuchukua faili yake, basi mimi nanunua nini? Nanunua benchi?" Ni swali la haki kabisa. Kama ungekuwa wewe na dola 2,500 mkononi, ungeuliza hivyohivyo.

Mapatano yalituchukua wiki mbili. Mwisho yakawa hivi. Kila mama alirudishiwa faili yake mkononi, akatia sahihi kwamba ameipokea. Anayetaka kuendelea na kijana anampelekea mwenyewe, na anatoa kwanza karatasi zisizohusu kodi. Kijana alilipa dola 400 za vyombo na 300 za jina na mahali, jumla 700. Halafu kwa miaka miwili atampa shangazi sehemu moja ya tatu ya kile atakacholipwa na wamama waliotoka kwake. Wakibaki wengi, shangazi atapata zaidi. Wakiondoka, kijana hatakuwa amelipia hewa. Na mwaka wa kwanza shangazi atakaa kwenye benchi lake siku mbili kwa wiki, awasalimu watu, amjulishe kijana kwa kila mmoja.

Mwaka umepita sasa. Kati ya 86, wamama 61 walibaki kwa kijana. Tisa walikwenda kwingine. Na 16 wanaandika wenyewe. Nitawaeleza habari yao hapa chini. Sehemu ya tatu ya shangazi kwa mwaka huu ilifika kama dola 450. Pamoja na zile 700, amepata 1,150. Mwaka huu wa pili ukiwa kama wa kwanza, atafika 1,600. Siwezi kuwaambia kwamba hiyo ni sawa na 2,500. Si sawa. Operasio ya jicho la kulia imefanyika na anaona vizuri, anasoma mpaka maandishi madogo ya dawa. La kushoto bado linangoja. Paa langu nalo linangoja. Usiku mvua ikinyesha, ninapanga mabeseni na kuhesabu zile dola 900. Kuna usiku ninaouliza kama tulifanya vema. Kisha namkumbuka mama mkubwa na karatasi yake ya kiwanja, ambayo sasa iko mahali anapopajua yeye na binti yake tu.

Nirudi kwa wale 16. Lile swali la mama kijana halikunitoka. Niliikataa biro kwa sababu mimi ni mwalimu. Basi nifundishe. Jumamosi mchana, saa mbili kila wiki, tunakutana uani kwa shangazi. Somo la kwanza ni moja tu: makuta ya biashara na makuta ya nyumba hayalali katika kikwembe kimoja. La pili ni mistari ya daftari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na upande wa nyuma, wenye madeni. Asiyejua kuandika anakuja na mtoto wake. Nina mwanafunzi mmoja wa kilasi yangu, mvulana wa miaka 11, aliyechukia kujumlisha. Sasa anashika daftari la mama yake wa mawese na hakosi hata franka mia. Shangazi anakaa pembeni na jicho lake jipya, akitazama namba zetu. Akiona 3 iliyoandikwa vibaya anapiga kelele kuliko mimi.

Si kila mtu anaweza kufanya peke yake, wala si lazima. Mwenye biashara iliyokua anahitaji mtu wa kazi hiyo, na amlipe vizuri. Lakini hata huyo, aende akiwa na daftari lake, aelewe anachotilia sahihi.

Wamama wapendwa, katika vikundi vyetu kuna wengi wenye vitu vya watu mkononi. Kuna anayetunza sanduku la AVEC, mshonaji mwenye vipimo na madeni ya kartie nzima, mama mzalishaji anayejua siri za nyumba zetu. Wote watazeeka au watahama siku moja. Naomba kikundi chenu kiulizane kabla siku hiyo haijafika: vitu hivi vitakwenda kwa nani, na wenyewe wameulizwa?

Na wewe unayesoma, juma hili jiulize karatasi zako ziko wapi. Namba yako ya kodi unaijua? Risiti za malipo ya mwaka uliopita ziko kwako, au kwa mtu? Kama ziko kwa mtu, nenda umsalimu vizuri, uombe kopi. Hakuna aibu. Kama ni mtu mwema, atafurahi kukupa.

Jumamosi tupo uani, saa nane mchana. Njoo na daftari na kalamu ya biki. Benchi bado ni lilelile.